Fundi Atengenezaye Kompyuta Akiwa Mbali

Baiskeli ikipata pancha lazima uipeleke kwa fundi. Kompyuta kubwa ziitwazo seva siyo hivyo. Seva hutunza kazi za watu wengi kwa pamoja: hesabu za benki, barua, pesa za simu. Mara nyingi hukaa katika chumba cha baridi, mji mwingine au hata nchi nyingine. Ikigoma usiku, fundi hapandi basi. Huingia kwa njia ya mtandao.

Anafanyaje? Kwenye kompyuta yake huandika jina la seva, jina lake na neno la siri. Akikubaliwa, kila amri anayoandika hapa hutendeka kule. Kwanza hutazama kama diski imejaa. Jambo hili ni dogo lakini husumbua sana. Seva huandika kila tukio katika faili, mchana na usiku, kama karani asiyelala. Faili likiachwa tu hunenepa mpaka diski inajaa, na seva ikikosa mahali pa kuandika, kazi zinasimama.

Akitaka kulisoma faili kwa utulivu, fundi huchukua nakala yake na kuivuta mpaka kwenye kompyuta yake. Lenyewe linabaki kule kule. Huanza kusoma mwishoni, maana matukio ya karibuni huandikwa chini.

Sasa, hapa pana hatari. Zamani mafundi walitumia Telnet kuingia na FTP kuhamisha mafaili. Zote mbili zilipeleka neno la siri wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995, kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, wezi walitega njiani wakayanasa maneno ya siri. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen (kwetu Tatu ni jina la kike, huyu ni mwanamume), akatunga programu inayoyafumba maneno yote kabla hayajasafiri. Akaiita SSH. Telnet ilikuwa na mlango namba 23 na FTP namba 21. Yeye akaomba namba 22 iliyokuwa wazi katikati, akapewa. Ndiyo inayotumika mpaka leo, na mafaili nayo hupita humo humo.

Lakini SSH humzuia anayesikiliza njiani tu. Anayelijua neno la siri ataingia kama mwenye nyumba. Tena zipo programu za wezi zinazozunguka dunia nzima zikibahatisha maneno mepesi, kama vile 123456. Kwa hiyo mafundi wengi wameacha neno la siri, wanatumia funguo mbili zinazokwenda pamoja. Mmoja huwekwa kwenye seva. Wa pili, wa siri, hubaki kwa fundi, na hampi hata mwenzake wa kazi.

Basi, akimaliza kutengeneza, fundi huyu hatoki mara moja. Hulifungua tena lile faili la matukio aone usiku ule nani mwingine amebisha hodi, mara ngapi, na kama yuko aliyefunguliwa.