Rimoti Katika Usafi wa Madirisha: Manufaa na Mipaka Yake

Usafi wa madirisha ya vioo ni kazi inayozidi kuhitajika katika wilaya yetu. Stesheni ya Kilosa ni mojawapo ya stesheni za reli ya kisasa, ambayo safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza mwaka 2024. Mji wa Mikumi nao uko kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, jirani na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na wageni wake hulala katika nyumba za wageni na hoteli. Kiangazi huleta vumbi, malori huacha moshi, na katika maeneo ya Ruhembe na Kidodi majivu ya miwa inayochomwa kabla ya kuvunwa hutua juu ya kila kioo.

Kwa vijana na akina mama wanaofanya shughuli za usafi, hii ni fursa ya kipato. Hata hivyo, ni kazi inayoweza kumwangusha mtu kutoka ghorofani, na vifaa vyake vya kisasa vinaweza kukiingiza kikundi katika deni kisilolihitaji. Makala haya yanaeleza kifaa kimoja kinachoulizwa sana, yaani rimoti, ambayo Kiswahili sanifu huiita kitenzambali.

Vifaa vyenyewe

Njia ya zamani ni ngazi, ndoo, sabuni na mpira wa kukaushia kioo. Njia ya kisasa humwacha mfanyakazi chini. Hutumia mpini mrefu wenye vipande vinavyovutwa kimoja baada ya kingine, na brashi nchani. Maji hutoka katika tangi, husukumwa na pampu ndogo ya betri ya volti 12, hupita katika mpira na kumwagika kwenye brashi. Maji hayo huchujwa kwanza ili kuondoa chumvichumvi iliyoyeyuka ndani yake, kwa sababu chumvichumvi hiyo ndiyo inayoacha madoa meupe maji yanapokauka. Yakichujwa vizuri, kioo hakihitaji kufutwa.

Ugumu hutokea pale tangi na pampu zinapobaki kwenye gari au toroli upande mmoja wa jengo, huku mfanyakazi akiwa upande mwingine. Rimoti hutatua tatizo hilo. Kitufe hufungwa kwenye mpini karibu na mkono, na kipokezi huunganishwa na kidhibiti cha pampu. Mfanyakazi akibonyeza, pampu huwaka au huzimika.

Rimoti hii hutofautiana na ile ya televisheni. Ya televisheni kwa kawaida hutumia mwanga usioonekana, na ukuta huuzuia. Ya pampu hutumia mawimbi ya redio, hivyo hufanya kazi hata pampu ikiwa nyuma ya jengo, ingawa kuta nene, mabati na vyuma hupunguza umbali wake.

Faida inayopimika

Tuchukue mfano wa pampu inayotoa lita 2 kwa dakika na jengo lenye madirisha 20. Ikiwa maji yanaachwa yakimwagika kwa dakika moja kila mfanyakazi anapohama dirisha, lita 40 hupotea, yaani ndoo mbili kubwa za maji ambayo yamekwisha kuchujwa kwa gharama. Betri nayo huchoka bure, na njia ya watembea kwa miguu hulowa na kuteleza. Rimoti huzuia hasara hiyo. Huzuia pia hasara kubwa zaidi: mpira ukipasuka au mtoto akiingia chini ya brashi, maji husimamishwa papo hapo.

Mipaka yake

Rimoti nyingi za pampu hutuma amri tu, hazirudishi jibu. Ukibonyeza kuzima ukiwa mbali mno, au betri ya kitufe ikiwa imekwisha, pampu huendelea kama ilivyokuwa. Kwa hiyo kikundi kisitegemee rimoti peke yake. Kiwe na njia tatu za kusimamisha maji: kitufe cha rimoti, koki iliyo kwenye mpini, na swichi ya pampu yenyewe, ambayo kila mwanakikundi anajua ilipo.

Kabla ya kuanza kazi, nendeni hadi kona ya mbali zaidi ya jengo, washeni na kuzima pampu mara tatu, na mmoja wenu asimame penye pampu kuthibitisha. Kitufe kikilowa, kikausheni kwanza. Ikiwa vikundi viwili vinafanya kazi eneo moja, hakikisheni kila rimoti imeoanishwa na pampu yake tu.

Hatari kubwa kuliko zote haihusiani na kitufe. Ni nyaya za umeme. Mipini myepesi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Mpini wowote uliolowa haupaswi kuaminiwa. Mfanyakazi akae mbali na waya kwa umbali unaozidi urefu wa mpini ukiwa umevutwa wote, ili hata ukianguka usiuguse. Pasipo nafasi hiyo, kazi isianze kabla ya kuwasiliana na TANESCO.

Rimoti ya pampu isitumiwe kamwe kuendesha kifaa kinachoinua watu. Mitambo hiyo ina kanuni yake: mawasiliano yakikatika, mtambo lazima usimame wenyewe. Rimoti ya maji haikutengenezwa kwa sharti hilo.

Roboti za vioo

Zipo pia roboti ndogo zinazong'ang'ania kioo kwa kuvuta hewa na kuongozwa kwa rimoti. Zinafaa kwa kioo kipana, laini, kisicho na ufa. Umeme ukikatika, hutegemea betri ya akiba ya muda mfupi, hivyo lazima zifungwe kwa kamba imara na watu wasipite chini yake. Kwa madirisha ya vipande vya vioo vinavyofunguliwa kwa mkono, yaliyo katika ofisi na nyumba nyingi za zamani, roboti hazifai kabisa. Brashi ya maji nayo huweza kupitisha maji hadi ndani. Hapo kitambaa, ndoo na mikono ya binadamu bado ndiyo suluhisho.

Kabla ya kununua

Sheria inaelekeza kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachofikiria kuombea vifaa vya usafi kianze kwa kuhesabu majengo ya kata yake: mangapi yana ghorofa, na mangapi yana vioo vipana? Ikiwa mengi ni ya chini, mpini mfupi wenye koki ya mkono unatosha, na fedha ya rimoti inunue viatu visivyoteleza na chujio bora. Mkinunua rimoti, muulizeni muuzaji kama imeidhinishwa na TCRA, na kama betri zake zinapatikana Kilosa au Morogoro.

Mwenye jengo naye ana wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wanaomfanyia kazi. Kijana anayesimama kwenye kingo ya dirisha la ghorofa ya pili bila mkanda hawezi kuokolewa na rimoti. Atakayemwokoa ni mwajiri aliyekataa kumpandisha.

Kwa maelezo zaidi kuhusu mikopo ya vikundi, mwananchi amwone Afisa Maendeleo ya Jamii au Mtendaji wa Kata yake. Rimoti ni kifaa cha kuokoa hatua na maji. Uhai hulindwa na utaratibu wa kazi, na utaratibu huo hauna gharama ya kuununua.