Neno "Kumbe" Darasani

Ndugu askari, amri hutiiwa mara itolewapo, lakini ufahamu hauamrishwi. Kuruta aweza kukariri kanuni ya uhandisi kama akaririvyo namba yake, asijue kwa nini daraja husimama. Kisha siku moja husema "Kumbe!", na tangu saa hiyo kanuni huwa mali yake.

Tulilishuhudia jambo hilo mjini Arua, chini ya mwembe. Mkufunzi alimpa kijana mmoja fito nne na misumari minne, aunde mraba usioyumba. Kila aliposukuma pembe, mraba ulilala upande. Wenzake walicheka. Mkufunzi aliwanyamazisha, wala hakutoa jibu. Hatimaye kijana alitwaa ufito wa tano, akaupigilia mshazari kutoka pembe hadi pembe. Mraba ukatulia. "Kumbe ni pembetatu!" akasema. Naam, pande tatu zikishafungana, umbo halibadiliki mpaka upande mmoja upinde au uvunjike.

Siri hiyo imo katika daraja la Bailey, lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey na kutumika vitani Afrika ya Kaskazini mwaka 1942. Kipande chake kimoja cha ubavuni, chenye urefu wa mita 3 na uzito wa kilo zipatazo 260, huchukuliwa na watu sita. Chini ya sakafu hufungwa vyuma vya mshazari ili daraja lisiyumbe. Askari asiyejua maana yake aweza kuviona vya ziada akaviacha, na wenzake wakahatirika mtoni.

Hatuna budi, basi, kuheshimu swali. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanganyika, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipouliza alichekwa. Mwaka 1969 yeye na Profesa Denis Osborne wa Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hilo, na wataalamu wangali wakilijadili.

Siku chache baadaye tulimkuta yule kijana Koboko, kilomita zipatazo 55 kutoka Arua, mbele ya lango la mbao lililolegea na kukokota ardhi. Mwenzake mdogo alitaka kuongeza misumari. Kijana hakumkemea wala kumwambia la kufanya. Aliokota fito nne, akamkabidhi, akaketi kando kungoja.