Santuri Zilizotunza Ngoma za Nyanza

Askari alindaye zamu Bugarama husimama mahali ambapo nchi tatu hukutana. Ng'ambo ya Ruzizi ni Kongo, ng'ambo ya Ruhwa ni Burundi, na sokoni Kiswahili huunganisha wote. Muziki wa majirani tunaufahamu. Je, ni wangapi kati yetu waijuao sauti ya ngoma zilizopigwa Nyanza, katika baraza la Mwami Mutara III Rudahigwa?

Sauti hiyo ipo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita Rwanda akiwa na mashine za kunasia sauti, akanasa ngoma za kifalme na nyimbo za inanga. Mwaka 1954 aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo ilitoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200. Ufalme ulipofutwa mwaka 1961, ngoma zile zilikosa baraza la kupigiwa; santuri zikabaki kuwa shahidi.

Hata hivyo, santuri hizo zilikusudiwa hasa vyuo na wataalamu. Aliyezifikisha kwa msikilizaji wa kawaida ni Michael Baird, mpiga ngoma mzaliwa wa Zambia, kwa njia ya kampuni yake ndogo ya kujitegemea, SWP Records ya Utrecht, Uholanzi. Aliteua nyimbo kutoka hazina ya Tracey, akazisafisha na kuzitoa upya katika diski, mojawapo ikiwa ya Rwanda ya mwaka 1952.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye hana budi kujishughulisha. Nairobi, Tabu Osusa aliasisi Ketebul Music mwaka 2007, na tangu 2011 wenzake wamekuwa wakizuru vijiji vya Afrika Mashariki kuwanasa wazee katika mradi uitwao Singing Wells.

Ndugu askari na polisi, tunaishi karibu na wazee hao. Ukiwa nje ya zamu, omba idhini ya mzee, mnase kwa simu yako, kisha andika jina lake, kijiji na tarehe, kama tufanyavyo katika kitabu cha zamu. Tracey alifanya hivyo kila alipokwenda. Wimbo usio na jina la mwimbaji ni yatima, na mzee akishazikwa hakuna wa kuulizwa.