Kabla ya Kumpeleka Mtoto Mwenye Usonji kwa Tabibu wa Njia Mbadala

Mzazi ambaye mtoto wake amethibitishwa kuwa na usonji, akaambiwa na hospitali asubiri miezi mingi ndipo apatikane mtaalamu wa kumfundisha kusema, hastahili lawama akivutwa na tangazo la tabibu aahidiye kuukabili usonji kutoka mwilini, kwa vipimo vya mkojo, vitamini, miiko ya chakula na dawa za kusafisha damu. Sisi tulio ughaibuni, tusio na shangazi wala bibi wa kutupokea mtoto walau jioni moja, twavutwa zaidi. Lakini kabla mzazi hajaketi mbele ya tabibu huyo, yafaa ajue utabibu huo ulizaliwaje, kwa sababu asili yake ina haki na batili zilizofungamana.

Mwaka 1943 Leo Kanner, tabibu wa Baltimore, aliandika habari za watoto 11 ambao hali yao aliiita kwa jina tunalolijua hadi leo. Katika miaka iliyofuata mabingwa wa elimu ya nafsi, Bruno Bettelheim wa Chicago akiwa mashuhuri kati yao, waliwatuhumu mama wa watoto hao kwamba ubaridi wa nyoyo zao ndio uliowafungia watoto ndani ya nafsi zao. Na mama wangapi walilala na dhuluma hiyo vifuani, Mungu ndiye ajuaye. Aliyeivunja tuhuma hiyo alikuwa baba: Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la majini huko San Diego, ambaye mwanawe Mark alikuwa na usonji, na ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1964, kilichoandikiwa dibaji na Kanner mwenyewe, alitoa hoja kwamba jambo hili ni la maumbile ya mwili na ubongo, wala si la upungufu wa mapenzi. Fadhila hiyo haisahauliki. Mwaka 1967 akaanzisha taasisi yake, akakusanya kwa wazazi habari za walichowapa watoto na walichokiona. Humo zikapata nguvu vitamini B6 pamoja na magnesiamu, na mwiko wa ngano na maziwa. Na mwaka 1995 ukazaliwa mkusanyiko wa matabibu uliojipa jina la kutaka usonji ushindwe sasa hivi.

Kumsikiliza mzazi ni jambo jema, nami nasadiki kwamba saa nzima ya kusikilizwa ndiyo inayowavuta wengi kwa matabibu hawa. Hata hivyo, ushahidi wa mzazi mwenye matumaini si mizani ya dawa, na kisa cha sekretini ni ithibati. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba watoto watatu walipata nafuu baada ya kudungwa homoni hiyo, itumikayo kupima kongosho, na wazazi wakaikimbilia. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani walichukua watoto 60, nusu wakapewa sekretini na nusu maji ya chumvi, bila mzazi kujua mwanawe amepewa nini. Makundi yote mawili yakaonekana kupata nafuu sawasawa. Wazazi walipoelezwa matokeo, asilimia 69 walisema bado wanaitaka. Siwacheki, mtoto hukua na kubadilika hata asipopewa kitu, na jicho la mzazi hulitafuta badiliko hilo usiku na mchana.

Kipimo ambacho mzazi aghalabu ataonyeshwa ni cha madini mazito. Mtoto hupewa kwanza dawa inayoyakamata madini na kuyatoa mwilini, kisha mkojo wake hukusanywa kwa saa kadhaa na kupelekwa maabara. Karatasi hurudi na mistari ya rangi, ule wa risasi na ule wa zebaki ikipita mpaka wa salama. Atazamaye hushtuka. Lakini mpaka huo umewekwa kwa mkojo wa watu ambao hawakumeza dawa hiyo kabla ya kupimwa, na yeyote akiimeza madini yatapanda mkojoni, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya dawa. Chuo cha wataalamu wa sumu cha Marekani kimekwisha kusema bayana kwamba kipimo cha namna hiyo hakina ithibati. Mwenye hofu ya risasi na aombe kipimo cha kawaida cha damu kwa daktari wa watoto.

Karatasi hiyo ndiyo mlango wa hatari iliyo kubwa zaidi. Mwezi wa Agosti 2005, katika jimbo la Pennsylvania, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alitiwa mshipani dawa ya kuondoa madini. Kalsiamu ikashuka katika damu yake, moyo ukasimama, akafariki. Mwaka 2013 NICE, taasisi ya Uingereza itoayo miongozo ya tiba, iliagiza kwamba dawa hizo, sekretini na vyumba vya oksijeni ya shinikizo visitumiwe kutibu usonji wa watoto. Na akitokea mtu wa kumnywesha mtoto klorini dayoksaidi, ambayo ni dawa ya kupaushia, mzazi amchukue mwanawe aondoke.

Hayo yote hayana maana kwamba mwili wa mtoto upuuzwe. Mtoto asiyesema hawezi kueleza kwamba jino lamuuma au choo kimekuwa kigumu siku nne; atajipiga kichwa ukutani, na watu watasema ni usonji. Kwa hiyo, wiki mbili kabla ya miadi, mzazi na aandike katika daftari saa za kulala na kuamka, chakula alichokula na alichokataa, choo chake, maneno mapya, na kila mara alipokodoa macho asiitikie, kwani huenda ni kifafa. Aandike pia dawa zote, zikiwamo za miti zilizotumwa kutoka nyumbani. Daftari hilo na alipeleke kwa daktari wa watoto vilevile, awe ameridhika naye au la.

Mbele ya tabibu aulize: Kipimo hiki kimelinganishwa na watoto gani? Dawa hizi anauza nani, nawe unapata faida gani? Tutabadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, au yote pamoja tusijue lipi limefanya nini? Tukiona nini ndipo tutaacha? Mkiondoa maziwa, mifupa yake itapata wapi kalsiamu? Matabibu wengi wa njia hii hawapokei bima, basi gharama za mwaka mzima zitajwe kabla ya kipimo cha kwanza. Kama Kiingereza ni kizito, aende na mtu mzima wa kumtafsiria, wala asimtwike kazi hiyo dada yake mtoto mwenye miaka kumi na mitatu. Na siku hiyo ya kwanza asitie saini, asilipie mfululizo wa tiba, wala asikubali mtoto adungwe sindano. Achukue karatasi zote, arudi nazo nyumbani, azisome na mwenzake.