Je, Wajua? Msingi Huanza na Udongo

Jengo likititia au likipasuka, wengi hulaumu saruji na nondo. Mhandisi wa misingi huanza na swali jingine: chini kuna nini?

• Je, wajua kwamba upana wa kitako cha nguzo, yaani sehemu ya msingi inayokalia ardhi, huweza kuliokoa jengo? Nguzo yenye mzigo wa tani 40 juu ya kitako cha mita 2 za mraba hukandamiza ardhi kwa tani 20 kila mita ya mraba. Panua kitako kiwe mita 4 za mraba, zinabaki tani 10.

• Je, wajua kwamba Mnara wa Pisa uliokolewa na kuchelewa? Ulianza kujengwa mwaka 1173, juu ya udongo laini, ukainama kabla haujakamilika. Ujenzi ukasimama karibu miaka 100, na udongo ukapata muda wa kukaza. Katika matengenezo yaliyokamilika mwaka 2001, wahandisi walichomoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ulioinuka, na mnara ukarudi nyuma sentimita 45 hivi.

• Je, wajua kwamba jengo zima laweza kulala bila kuvunjika? Oktoba 1913, huko Transcona, Kanada, ghala kubwa la nafaka lilianza kutitia lilipokuwa likijazwa ngano. Katika muda wa siku moja lilikuwa limeinama karibu nyuzi 27. Udongo ulikuwa umepimwa karibu na uso tu. Chini zaidi kulikuwa na tabaka laini. Ghala lilinyanyuliwa, likajengewa nguzo hadi kwenye mwamba, likarudi kazini.

• Je, wajua kwamba maji hubeba nyumba kwa muda? Mhandisi Karl Terzaghi, aliyechapisha kitabu chake kuhusu udongo mwaka 1925, alionyesha kwamba katika udongo uliolowa mzigo mpya huanza kubebwa na maji yaliyo kati ya chembe. Maji yakikamuliwa, chembe hupokea mzigo na ardhi hushuka. Udongo wa mfinyanzi huyaachia polepole, hivyo nyumba huweza kutitia kwa miaka.

• Je, wajua kwamba nyumba nyepesi huumia zaidi kwenye udongo mweusi, kama ule wa Nairobi na nyanda za Athi? Mvua ikinyesha huvimba, kiangazi husinyaa, na nyufa za mshazari hutokea kwenye pembe za madirisha. Nyumba ya chini haina uzito wa kuuzuia usiinuke.

Kabla ya kununua tofali la kwanza, chimba shimo la majaribio na umwite mhandisi alitazame. Gharama yake ni ndogo sana kuliko ya kujenga upya msingi uliokwisha kubeba nyumba.