NGUO YA MAGANDA YA MITI: JE, NI YA KUTUPATIA HAYA?



Wazee wakituelezea kwamba zamani watu walivaa maganda ya miti, sisi vijana tunacheka. Basi tueleze jinsi nguo hiyo inavyotengenezwa, kisha kila mutu aone kama iko kitu cha kuchekesha.

Kwa Kinyarwanda inaitwa impuzu. Kule Buganda, katika Uganda, inaitwa lubugo, na muti wake ni mutuba, wa jamaa moja na mutini tunaousoma ndani ya Biblia. Nguo hii haifumwi kwa nyuzi, kama Wakuba wa Kasai wanavyofuma rafia. Wakati wa mvua fundi anatoa ganda la ndani polepole, halafu anafunga kidonda cha muti kwa majani ya migomba. Muti haufi. Ganda linaota tena, na muti uleule unavunwa miaka mingi. Lile ganda analipiga kwa nyundo za muti zenye mistari, ndani ya kibanda ili lisikauke upesi, mpaka linapanuka, linalainika, na rangi yake inakuwa nyekundu kama udongo. Hiyo si kazi ya mutu mujinga!

Kwa nini basi iliachwa? Katika karne ya 19 wachuuzi Waarabu walileta nguo za pamba. Lubugo ikabaki zaidi kwa mazishi na matambiko, na Wakristo wengi wakaiogopa kama kitu cha mizimu. Lakini mwaka 1953, Waingereza walipomhamisha Kabaka Mutesa II, Waganda wengi waliivaa kuonyesha huzuni yao. Ufalme ulifutwa mwaka 1967, ukarudishwa mwaka 1993, na lubugo ikaonekana tena mbele ya watu. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ufundi huo kuwa urithi wa wanadamu wote.

Nguo iliweza kurudi kwa sababu mafundi wa ukoo wa Ngonge hawakuacha kufundisha watoto wao. Kama fundi wa mwisho angekufa bila mwanafunzi, hata mufalme asingeipata.

Hapa Kitshanga watu wengi walifika wakikimbia vita, na kikwembe kimoja na sufuria. Katika safari kama hiyo ujuzi wa wazee unapotea mbio sana.

Sisi tunaona hivi: Mukristo anakataa kuabudu mizimu, lakini hana sababu ya kukataa kazi ya mikono ya tate wake. Kwa hiyo, wakati wa likizo, kila mmoja aulize wazee wa kwao, kwa lugha ya nyumba yao: Walivaa nini mbele ya vikwembe? Muti gani? Nani alijua kazi hiyo? Aandike majibu ndani ya kaye, na jina la muti kwa lugha yao. Tukirudi masomoni tutayasoma pamoja, na tutaona kama kuna atakayecheka tena.