Batli ya Seva na Lugha Yetu: Kisa cha Kakonko

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi yapasavyo kusomwa maandishi ya seva panapotokea hitilafu, na kuonyesha ya kuwa kazi hiyo, ambayo aghalabu huachiwa mafundi peke yao, kwa sehemu kubwa ni kazi ya lugha.

Seva ya ofisi moja katika mji wa Kakonko, nyanda za juu za Kigoma, iligoma kufanya kazi. Karani aliyeitunza alimpigia simu fundi aliyekuwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, akamweleza mambo matatu: kwamba kumbukumbu imejaa, kwamba muunganisho umekatika, na kwamba shida ilianza saa 11 jioni. Fundi akapeleka RAM mpya na waya mpya wa mtandao. Vyote vikafungwa, na shida ikabaki pale pale. Baadaye nilipoonyeshwa maandishi ya seva hiyo niliona ya kuwa karani hakudanganya, wala fundi hakuwa mjinga. Maneno ndiyo yaliyowapoteza wote wawili.

Yafaa kwanza tutazame umbo la ujumbe wenyewe. Utaratibu utumiwao sana ulibuniwa na Eric Allman huko Berkeley, California, katika miaka ya 1980. Kila mstari wataja wakati, jina la mashine, programu isemayo, kisha tukio. Mstari huo hupewa pia daraja ya uzito, kuanzia 0 hadi 7; kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo hatari ilivyo kubwa. Kwa hiyo mstari ni sentensi kamili, yenye msemaji na kitenzi chake, nao wastahili kuchambuliwa kama sentensi yoyote.

Sasa tulichukue neno la kwanza. “Kumbukumbu” hutumika kwa mambo mawili: RAM, ambamo kompyuta hushikilia kazi ya wakati ule, na maandishi ya matukio yanayohifadhiwa katika diski. Seva ilikuwa imesema kwamba hakuna nafasi iliyobaki katika diski, kwa sababu maandishi yake yenyewe yalikuwa yameijaza. Karani alikusudia maana ya pili, fundi akasikia ya kwanza. Mabaharia wetu wanalo neno “batli”, yaani daftari ambamo nahodha huandika mwendo na matukio ya safari. Naona lafaa sana kwa maandishi ya seva, nalo “kumbukumbu” libakie kwa RAM.

Neno la pili ni kitenzi. Tutofautishe “umekatika”, “umekatwa”, “umekataliwa” na “haukujibiwa”. Muunganisho uliokatika ulikuwapo kisha ukakoma, na mtendaji hatajwi; uliokatwa una aliyeukata. Uliokataliwa ulifika hadi upande wa pili, ukajibiwa hapana: aghalabu mashine ile i hai, lakini huduma itakiwayo haijawashwa. Usiojibiwa ulingoja hadi muda ukaisha. Hapo ndipo tushuku waya, njia, au mashine iliyozimika. Batli ilisema “umekataliwa”. Karani, kwa kutaka kurahisisha, alisema “umekatika”, na waya ukasafiri hadi Kakonko bure.

Neno la tatu ni saa. Batli iliandika 17:04, naye karani akaisoma kuwa saa 11 na dakika 4 jioni, kama ilivyo desturi yetu. Walakini seva ilikuwa imewekwa katika saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Hivyo 17:04 ilikuwa 20:04 ya Kakonko, yaani saa 2 na dakika 4 usiku. Tena simu iliyonasa mawimbi ya Burundi, inayopakana na wilaya hiyo, ingeonyesha 19:04. Hali kadhalika, umbo la zamani la batli, lililoelezwa katika waraka wa mwaka 2001, halitaji mwaka wala saa ya mahali. Kanuni ya mwaka 2009 ndiyo iliyoyaongeza hayo.

Saa iliposahihishwa, kisa kikafumbuka. Usiku ule umeme ulikatika saa 2, ukarudi baada ya muda mfupi. Mashine ya kupokea nakala za akiba iliwaka tena, bali huduma yake haikuwaka. Seva ilikataliwa, ikaandika maelezo marefu, ikajaribu tena papo hapo, ikakataliwa tena, hata batli ikaijaza diski. Dawa ilikuwa kuiwasha huduma ile, kufuta batli iliyozidi, na kuiwekea batli kikomo. Hapakuhitajika kununua kitu.

Kanuni ni hizi: usomwe ujumbe wa kwanza kabla ya ule wa mwisho, kitenzi kinukuliwe kama kilivyo, saa itajwe pamoja na mahali pake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Lugha ya mafundi wa seva nayo yataka uangalifu kama huo, maana aliye mbali na fundi hana chombo kingine ila maneno.